Mwaka Oti Ilipolala

Nilipoolewa Kieni nilitoka Mukurweini, na anayezijua sehemu hizo mbili atanielewa nikisema kwamba nilihama nchi bila kuvuka mpaka. Kwetu ni mabonde, kahawa, migomba, na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Kieni ni uwanda, upepo na vumbi. Asubuhi mlima unasimama wazi mbele yako, kisha unajifunika mawingu kabla hujamaliza kukamua ng'ombe. Miezi ya kwanza nilikuwa nikisimama mlangoni na shuka mabegani, nikijiuliza watu wa huku hupanda nini katika baridi ile.

Walipanda viazi, kabichi na ngano kidogo. Mama mkwe wangu alipanda oti.

Sikuwa nimewahi kuiona oti shambani. Niliijua kwa uji wake tu, ule wa pakiti unaouzwa madukani. Mama mkwe aliiita "otithi", na mimi nikacheka siku ya kwanza, nikadhani ni jina la mtu. Mbegu ililetwa na marehemu mume wake, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba makubwa ya ngano upande wa Timau. Majirani waliokuwa na oti waliikata ikiwa bado mbichi wakawapa ng'ombe. Yeye aliiacha ikomae, ikageuka rangi ya mkate, mashuke yakining'inia na kutikisika kwa upepo mdogo kabisa. Punje alipeleka kwenye kinu kimoja Nanyuki.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hukohuko Nanyuki. Alirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo naweza kusema niliolewa naye lakini niliishi na mama yake. Nilimwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kama alivyomwita mwanawe. Naye aliniita mwari, binti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na masikio makali. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti, nikingoja kuajiriwa, na kungoja huko kulichukua miaka. Cheti hicho nilikuwa nimekileta na fremu yake, na nilipokitundika sebuleni Maitu alikitazama akauliza, "Kinasema unajua nini?"

Msimu wa kwanza nilimfuata nyuma tu. Alikuwa na kikombe cha bati chenye maua ya buluu yaliyokwanguka, na kwa kikombe hicho alipimia mbolea ya kukuzia, ile nyeupe ya chembechembe inayowekwa mimea ikiwa imeshaota. Alijaza kikombe, akaanza kutembea akinyunyiza kwa mkono wa kulia, midomo ikihesabu.

"Kikombe kimoja, hatua ishirini," aliniambia. "Kikiisha kabla ya ishirini, mkono wako una haraka. Kikibaki, mkono wako una choyo."

Kimoyomoyo nilimwona yeye ndiye mwenye choyo. Kwetu, baba yangu aliilisha kahawa mpaka ikanyamaza. Alikuwa akisema kahawa ni kama mgeni, huulizi kama ameshiba, unaongeza tu. Nilimtazama Maitu akigawa zile chembe kana kwamba anagawa dawa, nikawaza kwamba siku nitakayopewa shamba hili, watu watasimama barabarani kulitazama.

Siku hiyo ilikuja mwaka wa pili.

Maitu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu polepole, naye alificha mpaka akaanza kumwita jogoo kuku na kumwaga chai nje ya kikombe. Mwezi wa tano tulimpeleka kufanyiwa upasuaji mjini Nyeri. Daktari akasema asikae penye vumbi wiki kadhaa, na Kieni bila vumbi si Kieni. Ikaamuliwa akae Wamagana kwa binti yake, kwenye majani ya chai na hewa safi. Oti ilikuwa imepandwa mwanzoni mwa mwezi wa nne, na siku aliyoondoka ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu.

Aliniita kando ya gari kabla hajapanda.

"Mbolea ya kukuzia iko stoo, nusu gunia. Ngoja mvua, udongo ukilowa vizuri ndipo unyunyize. Ni hiyo nusu tu, mwari. Hapo mwaka jana palikuwa na viazi, na kule chini palikuwa na boma la ng'ombe. Udongo bado una akiba. Usiongeze."

"Nimesikia, Maitu."

Nilisikia kweli, na mwanzoni nilifanya kama alivyosema. Mvua ilinyesha siku mbili, nikachukua kikombe, nikahesabu hatua ishirini ishirini mpaka nusu gunia ikaisha. Kisha ikaja wiki ya baridi bila jua, ile baridi ya Kieni inayoingia hadi kwenye mifupa ya vidole, na majani ya chini ya oti yakaanza kuwa manjano. Nilikuwa nikienda kuyatazama asubuhi, mchana na jioni. Yule mama alikuwa ameniachia shamba, na shamba lilikuwa linanifia mkononi.

Jumamosi mume wangu alisimama kwenye ua, akalitazama, akasema, "Hii oti yako ina homa." Alikuwa akitania, lakini mimi sikulala vizuri.

Jumatatu nikaenda Chaka, kwenye duka la mbegu na dawa za kilimo. Muuzaji alikuwa kijana mpole aliyevaa koti jeupe kama daktari. Nilipomwambia nataka gunia zima la mbolea ya kukuzia, aliuliza, "Ni ya mahindi?"

Nikasema ndiyo. Sikutaka maswali.

Mwenye bodaboda alinifikishia gunia mpaka mlangoni. Sikugusa kikombe cha bati. Nilimimina mbolea kwenye beseni, nikajifunga beseni kiunoni kwa leso, nikaanza kutupa kwa viganja viwili, nikitembea upesi na kuimba wimbo wa kanisani. Kule chini kwenye boma la zamani niliongeza kidogo, kwa sababu gunia lilikuwa bado na kitu. Mchana ule mvua ikanyesha, mvua nzuri isiyo na fujo, nikakaa mlangoni nikiisikiliza kama mtu anayesikia akisifiwa.

Siku kumi baadaye sikuamini macho yangu. Rangi ya manjano ilikuwa imetoweka. Oti ilikuwa na kijani kizito kinachokaribia buluu, majani mapana yaliyokunjama kwa uzito wake yenyewe, machipukizi mapya yakitoka kila upande. Watu walisimama barabarani, kama nilivyoota. Mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja aliegemea ua akaniuliza nimeipa nini.

"Ni udongo tu," nikamwambia.

Mume wangu ndiye aliyemrudisha Maitu, kwa gari aliloazima kwa mteja wake. Alishuka langoni akiwa amevaa miwani meusi. Akayavua, akakaa pale langoni kwa muda akiona.

"Naona mistari kwenye mlima," alisema. "Naona ile theluji kidogo. Yule kuku amekatika kidole! Na huu mlango, kumbe una rangi mbili? Nani alipaka rangi mbili akaniacha niishi nayo?"

Tulicheka wote watatu. Sijawahi kumwona akiwa na furaha ya kitoto kama ile. Alishika uso wa mwanawe, akamwambia amezeeka. Alinitazama mimi, akasema, "Kumbe una madoadoa puani." Kisha akageuka kuelekea shambani, na kicheko chake kikakatika.

Aliingia ndani ya oti polepole. Ilikuwa imempita kiuno. Alichuma jani moja, akalikunja, akalisugua kati ya vidole.

"Mwari, uliweka vikombe vingapi?"

"Kama ulivyosema, Maitu."

Alinigeukia. "Jicho hili limefunguliwa juzi," alisema. "Usilifunge."

Nikamwambia ukweli, mbele ya mume wangu. Nikamweleza kuhusu majani ya manjano, baridi, na duka la Chaka.

"Gunia zima?"

"Gunia zima."

Alivaa miwani yake, akaenda jikoni, akajimiminia chai. Hakulizungumzia tena jambo hilo. Lakini kuanzia siku ile, kila jioni alitoka nje, akalamba kidole na kukiinua juu kupima upepo.

Mwezi wa sita mashuke yalitoka. Nakumbuka asubuhi moja umande ukiwa juu yake, kila ncha na tone lake, nikajiambia kwamba hata Maitu anaweza kukosea. Juma lililofuata, mvua iliyochelewa ikaja saa tisa alasiri ikiwa na upepo wa mlimani. Tulikuwa jikoni tukimenya viazi. Kupitia dirishani niliona kona ya chini, palipokuwa na boma, ikiinama. Nilingoja iinuke. Haikuinuka. Kisha sehemu ya katikati ikalala, halafu juu, kama vile kuna mtu anayepitisha kiganja juu ya shamba zima. Mvua haikumaliza saa moja.

Ilipokatika, oti ya jirani ng'ambo ya ua, fupi na nyepesi, ile aliyokuwa akiwakatia ng'ombe, ilikuwa imesimama ikijikung'uta maji. Yetu ilikuwa chini yote.

Nilitoka mbio na gambuti miguuni. Nilipiga magoti kwenye tope, nikakumbatia mabua na kuyainua. Yalisimama nilipokuwa nimeyashika, nilipoachia yakalala. Nikajaribu kuyafunga mafungumafungu kwa majani yake yenyewe. Sijui nilikuwa nimekaa huko kwa muda gani niliposikia sauti ya Maitu nyuma yangu, mwavuli mkononi.

"Iache. Imenenepa bila mifupa. Hata ukiishika mkono haitasimama."

Oti iliyolala haifi. Afadhali ingekufa. Mabua yalijipinda kujaribu kutazama juu, na katikati yake yakachipuka mapya ya kijani, kwa kuwa chakula ardhini kilikuwa bado tele. Ikawa shuke moja limekauka na lingine bado lina maziwa. Panya walijenga chini yake. Tulikata kwa mundu mwezi mzima badala ya juma moja, tukipekua na kuinua, migongo ikiuma, na Maitu hakunipunguzia wala kuniongezea kazi. Alikata upande wake, mimi wangu.

Nilichokuwa bado sijakijua nilikijua siku ya kupepeta. Tulikuwa tumepura mashuke kwa fimbo juu ya turubai. Nilijaza ungo, nikainua, nikaachia upepo ufanye kazi yake. Mwaka uliotangulia makapi yaliruka na punje zikaanguka miguuni zikilia kama mvua ndogo. Safari hii karibu vyote viliruka pamoja. Punje zilikuwa nyembamba kama kucha za mtoto, maganda yenye kitu kidogo ndani. Nilimtazama Maitu. Alikuwa amesimama ameshika ungo wake, akitazama mavuno yake yakivuka ua.

Tulipeleka tulichopata Nanyuki. Mwenye kinu alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mji uleule, kinu alikirithi kwa baba yake. Alimsalimu Maitu kwa Kikuyu safi, akauliza habari za jicho, akaagiza tuletewe chai. Kisha wakaingia kwenye Kiswahili cha biashara. Alichota oti kwa mkebe wake mdogo, akasawazisha juu kwa rula, akaweka kwenye mizani. Akakunja uso. Akachota gunia lingine. Akachukua punje chache, akazimenya kwa ukucha, akatupa maganda mezani.

"Mama, hii si oti yako," alisema. "Angalia. Ganda, ganda, ganda. Kiini iko wapi? Machine yangu itasaga hewa."

Akayasukuma maganda mbele ya Maitu.

"Hii ni mbolea. Naitrojeni mingi, majani mingi, halafu inalala, punje inabaki na njaa. Nani aliweka hii yote?"

Nilifungua mdomo. Maitu aliwahi kusema kabla yangu, kwa Kiswahili chake kilichogeuza kila l kuwa r.

"Ni mimi. Nirikuwa na macho mbaya, sikuona gunia. Huyu msichana wangu arinikataza, mimi nikakataa."

Yule mzee alinitazama, akatikisa kichwa kwa heshima ambayo sikustahili hata punje yake. "Basi mwaka ujao sikiliza huyu," alimwambia Maitu.

"Nitasikiriza," Maitu akasema, bila kupepesa macho.

Alitukatalia magunia yote, kwa upole.

Tulikaa kwenye benchi la kibanda cha chai karibu na stendi, tukingoja gari la kuturudisha sisi na magunia yetu. Nilianza kulia. Maitu aliniachia nilie mpaka mandazi yakaja.

"Kula," alisema. Kisha akasema, "Wewe utauza hapa miaka thelathini. Yule mzee akikuweka kichwani kama mjinga, hata ukileta oti ya dhahabu ataipima mara mbili. Mimi nimebakiza misimu michache. Mtu mzee kama mimi akikosea, watu husema ni uzee, wanasahau."

Nilisema asante.

"Usinishukuru. Na usifikiri sijasikia ya yule mama wa kanisa. Ati ni udongo tu!"

Oti ile ililiwa na ng'ombe na kuku mwaka mzima. Kila asubuhi nilichota kwenye gunia nikawamwagia, na kila asubuhi niliona aibu. Kuku walitaga vizuri sana, jambo ambalo nalo liliniudhi.

Msimu uliofuata niliomba kitu kimoja. Nilikuwa nimeenda kumsikiliza afisa wa kilimo aliyekuja barazani kwa chifu, nikamngoja mwishoni, nikamweleza kisa changu bila kujificha. Hakucheka. Aliniambia tatizo halikuwa kiasi peke yake bali na wakati. Oti changa haina mdomo mkubwa, alisema. Ipe kidogo ikiota, halafu ingoje ianze kurefuka, ndipo uipe sehemu kubwa, udongo ukiwa umelowa. Alichukua bua la nyasi kando ya njia, akalipasua kwa ukucha, akanionyesha kifundo cha kwanza, kidogo kama kichwa cha pini, kilichokuwa kinaanza kupanda kutoka kwenye shina. Hiyo ndiyo saa yenyewe, alisema. Ukichelewa mpaka mashuke yametoka, unalisha majani ambayo hayana kazi tena.

Nilimwambia Maitu nataka kugawa shamba vipande vinne kwa kamba. Alifikiri, akasema, "Kimoja kiwe changu. Usikiguse." Basi kipande cha kwanza hakikupewa kitu. Cha pili kilikuwa cha Maitu, kikombe kimoja kwa hatua ishirini, mara moja, mapema, kama siku zote. Cha tatu nilikipa zaidi kidogo ya chake, lakini kwa mara mbili, kwa kufuata kifundo. Cha nne, kidogo kuliko vyote, nilikipa kama mwaka wa wazimu, ili nione kwa macho yangu. Tulikuwa tumehamia upande mwingine wa shamba, uliotoka mahindi, usio na akiba ya viazi wala boma.

Kipande cha kwanza kilikuwa na rangi ya mgonjwa mpaka mwisho. Cha nne kililala, ingawa mwaka ule hapakuwa na upepo wa maana. Cha Maitu kilisimama wima, safi, chepesi. Cha tatu kilisimama pia, kikiwa kimejaa, na mashuke yake yalipokauka yalikauka pamoja, siku zilezile.

Tulipura na kupepeta kila kipande peke yake. Nikajaza kikombe cha bati kutoka kwenye kila rundo na kukipima kwa mizani tuliyoazima kwa mwenye bucha. Cha nne kilikuwa chepesi, kama nilivyotarajia. Cha Maitu na cha tatu vilikuwa sawa, punje nzito zilizojaa. Lakini rundo la tatu lilikuwa limelizidi rundo la Maitu kwa mbali, na hilo halikuhitaji mizani.

Maitu alisimama katikati ya marundo hayo mikono kiunoni.

"Hili la tatu ni la nani?"

"Unajua ni la nani, Maitu."

"Nauliza tu."

Kisha akasema la tatu lilikuwa karibu na mtaro, likapata maji zaidi. Nikasema mtaro ulikuwa upande wa kwanza. Alinyamaza siku mbili, na katika nyumba ya watu wawili siku mbili ni nyingi. Alipika githeri yake, nikapika yangu. Nilijua nimemuumiza, na sikujua namna ya kuomba radhi kwa jambo ambalo lilikuwa kweli. Alikuwa amelima oti miaka zaidi ya umri wangu, peke yake kwa miaka mingi, na nusu gunia lake lilikuwa ndilo alilolimudu, si lile alilolitaka. Hilo sikulifikiria mpaka baadaye sana. Nilidhani ni choyo, kumbe ilikuwa desturi ya mjane.

Siku ya tatu alinikuta ninakamua, akasema ng'ombe yule hapendi kushikwa kwa mikono baridi. Tukaendelea kuishi.

Mwaka uliofuata, oti ilipofika magotini, nilitoka asubuhi na mapema kwenda kupasua mabua. Nilimkuta ameshafika. Alikuwa amechutama, koti la mwanawe mabegani, anapasua bua kwa ukucha wa kidole gumba, analileta karibu na lile jicho lake jipya.

"Hiki kina kifundo," alisema bila kugeuka. "Hiki bado. Hiki bado. Tungoje Jumatano."

Tulingoja Jumatano. Tukatembea sambamba, yeye upande ule na mimi upande huu, kila mmoja na kikombe, tukihesabu kwa sauti. Yeye alihesabu kwa Kikuyu, mimi kwa Kiswahili, na kwa kuwa hatua zake zilikuwa fupi hatukuwahi hata mara moja kufika ishirini pamoja.

Hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka nikiwa peke yangu. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya jirani, kwa hiyo shamba likawa la asubuhi na Jumamosi. Mume wangu alifungua gereji yake Chaka akaacha kulala Nanyuki. Watoto wawili wakaja. Mzee wa kinu alinunua oti yetu kila mwaka, na kila mwaka alimwambia Maitu, "Unaona, ulimsikiliza msichana," naye alijibu, "Nirimsikiriza." Nilijaribu mara moja kumwambia yule mzee ukweli. Maitu alinikanyaga mguu.

Alipozidi kuzeeka na magoti kukataa, tulimtolea kiti. Alikaa mwisho wa shamba amefunika miguu kwa blanketi, akanipigia kelele nikinyunyiza. "Umeruka hapo! Rudi! Hapo chini kulikuwa na maharagwe, punguza!" Watu waliopita barabarani walidhani tunagombana. Mara nyingine tulikuwa tunagombana kweli. Nikimaliza, nilikwenda kukaa chini kando ya kiti chake, mikono yangu ikiwa na ule mchonyoto wa mbolea, tukatazama mawingu pamoja.

Alituacha miaka michache iliyopita, mwezi wa tano, mvua ikiwa katikati. Hakuugua sana. Kulikuwa na siku za maombi nyumbani, mahema, sufuria kubwa za kuazima, wageni kutoka Wamagana na kwetu Mukurweini. Nilikuwa mkwe, na mkwe siku hizo hakai. Nilipika, nikapokea, nikatandika. Siku ya mazishi nilisimama pale nikaimba na wenzangu, na machozi hayakuja. Niliona watu wakinitazama. Mume wangu alilia, watoto walilia, mimi nilikuwa nawaza kama chai itatosha.

Wageni walipoisha na mahema kurudishwa, niliingia stoo kutafuta jembe, nikaliona gunia la mbolea ya kukuzia likiwa limefungwa vilevile. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nililifungua, nikajaza beseni, nikachukua kikombe, nikatoka mbio kwenda shambani. Ukingo mmoja ulikuwa umekanyagwa na waombolezaji waliokata njia. Nikapasua bua la kwanza. Kifundo kilikuwa kimeshapanda, na juu yake kingine, na kingine. Nikapasua la pili, la tatu. Kwenye mabua mengine shuke lilikuwa tayari linachungulia. Wakati ulikuwa umepita tukiwa ndani tunaimba.

Ningeweza kuinyunyiza mbolea ile hata hivyo. Oti ingekuwa ya kijani, ingependeza barabarani. Nilikaa chini kwenye mtaro, beseni magotini, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, peke yangu, mpaka mume wangu akaja kutoka gereji kwa kuwa jirani alikuwa amempigia simu.

Hakuniuliza ninalilia nini. Alichukua beseni, akairudisha mbolea kwenye gunia stoo, akafunga mdomo kwa kamba. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa kidogo, punje nzito na chache, kama za kile kipande cha Maitu. Tulizipeleka Nanyuki mwezi wa nane. Yule mzee alikuwa ameshamwachia mwanawe kinu, lakini alikuwa amekaa mlangoni juani. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba Maitu hayupo tena. Kisha nikavuta stuli, nikakaa karibu naye, nikamweleza ni nani aliyeweka lile gunia zima.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua," alisema. "Mama yako hakuwa mtu ya kuweka gunia nzima. Hata kama haoni."

Tukacheka. Mwanawe akaita kutoka ndani kwamba ameipima oti, na imepita.